Shamba Alilonyimwa Sharifu

Sharifu alizaliwa Kwemzinga, juu kidogo ya Soni, pale barabara ya Lushoto inapojikunja ghafla na kuacha korongo wazi upande mmoja. Kila masika udongo wa pale ulishuka, na kila masika malori ya kabichi yalilala foleni hadi mzigo ukaanza kunuka. Alipoajiriwa kuwa mhandisi katika mamlaka ya barabara, alijiapiza kwamba kona ile ataiondoa yeye na si mwingine.

Tatizo lilikuwa nyumbani kwao. Ili barabara inyooke, ilipaswa kupita kwenye shamba la migomba la mama yake, Bi Mwanamisi, na ndani ya migomba ile alizikwa baba yao. Sharifu alikwenda na gari la ofisi, akatandaza ramani kwenye mkeka, akaeleza. Kaburi litahamishwa kwa heshima zote, alisema, serikali itashughulikia.

"Hapana, baba," mama yake alimjibu. "Hapo hapapiti gari."

Alirudi tena na tena. Alimtuma shangazi, alimtuma imamu. Jibu halikubadilika, na mradi ukabaki kwenye kabati.

Ndipo makao makuu Dodoma yakamleta Janeth katika ofisi yao ya Lushoto. Alikuwa mhandisi mdogo kwake kwa umri, mwenyeji wa Moshi, mcheshi, mwenye buti zilizokuwa na matope hata siku za jua. Meneja wa mkoa, Bwana Nathanaeli, alimkabidhi miradi yote ya milimani, Kwemzinga ikiwemo. Sharifu alimpokea vizuri, akamwonyesha nyumba ya kupanga na mahali pazuri pa kula. Moyoni alijisemea, acha aende akagonge mwamba.

Siku chache baadaye Janeth aliingia ofisini amebeba kapu la plamu.

"Kaka Sharifu, hongera, una mama!" alisema akicheka. "Amekubali. Tunaanza."

Sharifu alidhani amesikia vibaya. "Amekubali nini?"

"Shamba. Na plamu hizi amesema tugawane."

Sharifu alichukua plamu moja, akaishika mkononi bila kuila. Janeth aliendelea kusimulia: jinsi alivyompa Bi Mwanamisi shikamoo kisha akajaribu kumwamkia kwa Kishambaa, "Onga mshi," akakosea lafudhi hadi mama akashika mbavu kwa kucheka, jinsi walivyozunguka shamba wakapumzika kando ya kaburi. Kila neno lilimchoma. Mama yake hakuwa mtu wa kushika mbavu. Yeye mwenyewe hakukumbuka mara ya mwisho alipomchekesha.

Jioni ile alipitia nyumbani. Bi Mwanamisi alikuwa akimenya viazi.

"Mama, mimi mwanao umeninyima. Mgeni umempa."

"Yule aliniuliza," mama alisema. "Alisema, 'Mama, baba amelala wapi, tumpishe vipi?' Akachora barabara ipite upande wa chini wa kaburi. Itapinda kidogo, basi. Wewe ulikuja kuniambia mtamtoa."

Lilikuwa jambo la kweli na jepesi, na angeweza kulipokea. Lakini kijicho kikishaingia hakisikilizi. Sharifu hakusikia habari ya kaburi. Alichosikia ni kwamba Janeth alikaa kwenye mkeka wa kwao na kupewa alichonyimwa yeye. Siku zilizofuata, kila aliposikia kicheko cha Janeth koridoni, aliinuka akafunga mlango. Mafundi wakimwita "mama Kwemzinga", yeye aliinamia kompyuta kama mtu mwenye kazi nyingi. Mchoro wa Janeth aliufungua kwa siri akitafuta kosa. Ulikuwa mchoro mzuri, na uzuri wake ndio uliomtia uchungu zaidi.

Wiki ambayo mitambo ilipaswa kupanda kutoka Mombo, alimpigia simu meneja.

"Bosi, kuna jambo la kifamilia," alisema. "Lile shamba, sisi ndugu hatujakubaliana. Mdogo wangu Rashidi hajaridhia. Tukiingia pale tutapelekwa mahakamani."

Rashidi alikuwa Dar es Salaam, wala hakujua kwamba ametajwa.

Mitambo ilisimamishwa. Janeth alichanganyikiwa. Alimfuata Sharifu mezani, akaketi.

"Kaka, nisaidie. Wewe ndiye mtu wa nyumbani. Niongee na nani?"

"Niachie mimi," Sharifu alisema. "Nitazungumza nao." Akashangaa jinsi uongo ule ulivyomtoka kwa sauti ya upole.

Mvua zikaja. Asubuhi moja kona ya Kwemzinga ilimeguka tena, na basi la kwenda Mombo likabaki tairi moja likiwa hewani juu ya korongo. Abiria walitolewa mmoja mmoja kwa kamba, wazima lakini wakitetemeka. Watu wa kwanza kufika walikuwa Bi Mwanamisi na majirani zake, wakawafunika kanga na kuwapa uji. Meneja alipanda kutoka Tanga siku hiyohiyo, na wote wakakutana pale barabarani: meneja, Janeth na Sharifu.

Bi Mwanamisi alimwendea meneja moja kwa moja.

"Baba, shamba nilishatoa. Mnangoja nini?"

"Mama, tuliambiwa wanao wanagombana. Rashidi hajaridhia."

"Rashidi? Rashidi nimeongea naye juzi, ananiuliza mbona hamjaanza. Nani amewaambia?"

Meneja alimtazama Sharifu, kisha akatazama buti zake. Bi Mwanamisi naye akageuka, akamtazama mwanawe muda mrefu. Hakumgombeza. Alijitanda kanga vizuri, akarudi kwa abiria wake.

Janeth alisubiri hadi meneja alipopanda gari, akamgeukia Sharifu.

"Nilikukosea nini, kaka?"

Sharifu alitaka kusema kuhusu utaratibu, kuhusu mila, kuhusu mahakama. Alichosema kilikuwa kingine. "Mimi nilimwomba miaka yote hiyo. Wewe ulikuja siku moja."

"Kwa sababu hiyo lile basi lingetumbukia na watu."

"Najua."

Tangu siku hiyo Janeth alimwita mhandisi, si kaka.

Sharifu alipewa onyo kali, na kazi ikaanza. Ukuta wa kuzuia udongo ulipofika nusu, Janeth alihamishiwa mradi wa daraja Morogoro. Kwa kuwa hapakuwa na mwingine, meneja akamwachia Sharifu amalizie, kwa sharti kwamba asibadilishe hata mstari mmoja wa mchoro. Hakubadilisha. Alisimamia zege likimwagwa, akahakikisha mtaro wa maji unapita mbali na kaburi la baba yake, na lami ilipowekwa alitembea juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, peke yake.

Bi Mwanamisi alimletea chai pale ukutani. Aliitazama barabara, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Imependeza," alisema. "Janeth atakuja lini kuiona?"

Wivu ule ule ukamgusa Sharifu, kifuani palepale pa siku zote. Alikunywa chai kwanza. Kisha akatoa simu, akapiga namba ya Janeth, akampa mama yake.

"Muulize mwenyewe, mama."

Alisogea pembeni. Nyuma yake alimsikia mama yake akiangua kicheko, hata kabla ya salamu kuisha.