Inchi Moja ya Ziada

Mungu wetu Krishna, aliyechongwa kwenye kigae, alianguka wakati wa mvua za mwezi wa Srabon, akavunjika vipande vipande kwenye ngazi za hekalu letu. Ukutani likabaki shimo. Ng'ombe na wachungaji waliochongwa kwenye vigae vya pembeni wakawa wanatazama juu, pale alipokuwa akiwainulia mlima kwa kidole kidogo ili wasilowe. Sasa hapakuwa na mtu wala mlima.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Haldar Babu, yaani Bwana Haldar, msimamizi wa ukarabati, alileta kigae kutoka mjini. Kikapwaya. Akaleta cha pili, nacho kikacheza shimoni kama jino bovu. Akasema basi, nafasi itazibwa kwa saruji.

"Saruji?" Shangazi yangu Khantomoni aling'aka. Alikuwa akifinyanga farasi wa udongo wa kuuza gulioni, lakini babu zake ndio waliouchonga ukuta ule. "Mungu wetu azikwe kwenye saruji na mimi ni mzima? Nipe mwezi mmoja, baba."

Haldar Babu akaitazama miguu ya Shangazi iliyojaa matope. "Mama, huyu si farasi."

"Najua. Farasi hana kidole."

Watu wakaangua kicheko. Akakubali, nadhani ili yaishe.

Shangazi alichonga siku kumi na moja, mimi nikimkandia udongo. Siku ya mwisho Haldar Babu akaja na futi, akapima, akapandisha sauti: "Kumi na tatu! Shimo ni inchi kumi na mbili! Hata kupima hamjui?"

Shangazi hakuinua uso. Alikuwa akimtia Krishna kucha.

"Udongo mbichi umeshiba maji, baba. Ukikauka na kuchomwa, unasinyaa. Wenzako wa mjini walilipima shimo, udongo hawakuupima."

Tulipofungua tanuri, kigae kilitoka chekundu kama ukuta wenyewe. Kijiji kizima kilikuwa chini ya jukwaa la mianzi. Shangazi akapanda mwenyewe, sari ameikaza kiunoni, akakisukuma kwa kiganja.

Kikaingia. Hakikucheza.

Haldar Babu akapanda naye, akapitisha ukucha pembeni akitafuta upenyo. Akaupitisha tena. Waliposhuka, akainama akamgusa Shangazi miguu kwa heshima, mbele ya watu wote, na matope yake yaleyale.

Nimeona mengi tangu hapo, lakini sijawahi kutembea kifua mbele kama nilivyotembea kurudi nyumbani siku ile.

Miaka minane baadaye profesa mmoja alileta wanafunzi wake kutoka Kolkata. Mimi na Shangazi tulikuwa tumeketi ngazini tukimenya njugu. Profesa akawaonyesha kile kidole kilichobeba mlima.

"Tazameni vizuri," akasema. "Kazi ya miaka mia tatu iliyopita! Mikono kama hii haizaliwi tena."

Nikafungua mdomo. Shangazi akaniminya paja.

"Kweli kabisa, baba," akamwambia. "Haizaliwi."

Akachukua njugu nyingine, akaendelea kumenya.