Bangi ya Kopo la Nyanya

Félicien alikuwa anaosha kopo la nyanya kwenye sinki, mkono mmoja umeshika mgongo, Kullow aliposhuka ngazi na begi lake. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa tatu, mwaka 2007, huko Stechford kwa Waingereza, na treni ya kwenda mjini ilikuwa inapita nyuma ya nyumba na kutikisa vikombe.

"Nimehamishwa, mzee," alisema Kullow. "Glasgow. Gari iko nje."

"Glasgow ni wapi?"

"Huko juu. Mahali mvua inatengenezwa."

Kullow alikuwa Msomali wa Garissa, na kwa mwaka mzima alikuwa amemsikia Félicien akipiga kelele usingizini kila alipojigeuza. Aliingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa mbegu moja, ndogo kama punje ya pilipili manga.

"Ya mgongo. Ni bangi, usijifanye mgeni."

"Nijifanye mgeni? Kwetu Fizi inaota mpaka inamupita mutu."

"Hii ni fupi. Inaitwa auto. Zile zingine zinangojanga jua ipungue ndio zitoe maua. Hii haingojangi mtu. Ikifika umri wake, inatoa. Lakini usiihamishe, mzee. Pahali umepanda, iachie hapo. Ukiihamisha inanuna, haikui tena."

Honi ikalia nje. Kullow akahamishwa.

Félicien alitoboa kopo matundu kwa msumari, akalijaza udongo wa bustanini, akapanda mbegu. Angependa chungu cha maana, lakini kidirisha cha chumba chake hakikuweza kubeba zaidi ya kopo. Chumba kilikuwa kile ambacho Waingereza hukijenga juu ya ngazi kwa ajili ya masanduku au mtoto mchanga. Kitanda kiligusa kuta tatu. Mlango ulifunguka nusu, ukakuta kitanda, ukasimama. Humo ndimo kampuni ya nyumba ilikuwa imemweka, kwa muda, na muda huo ulikuwa unaingia mwaka wa sita. Kufanya kazi alikatazwa. Alitakiwa angoje barua ya kumkubali kuwa mkimbizi. Nchi ambayo zamani ilijigawia robo nzima ya dunia bila kumwonyesha mwenyeji karatasi hata moja, sasa ilikuwa inamtaka Félicien athibitishe kwa karatasi kwamba kitako cha bunduki kilichomvunja mgongo mwaka 1998 kilikuwa kitako cha bunduki kweli.

Wiki ile ile mbegu ilipochungulia, Merveille alikuja na habari kwamba mpenzi wake, Emery, anataka kumwoa.

Merveille alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Félicien. Alikuwa anawaogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee Hodge Hill, na alikuwa anacheka kama mtu anayemwaga karanga kwenye sinia. Hakuwa na ndugu mwingine upande huu wa bahari. Kwa hiyo wakwe wangekuja kumposa kwa Félicien, na kwa watu wa kwao posa haifanyiki kwenye ukumbi wa kukodi wala kanisani. Binti anaombwa mahali ambapo mjomba wake analala. Wakwe wote wanaingia, wote wanaketi, wanatazamana na upande wa binti. Mkwe mmoja akikosa pa kukaa, wote wanainuka na mbuzi wao, na hakuna atakayewalaumu.

Magloire, baba mdogo wa Emery, aliyajua hayo vizuri sana. Alikuwa na nyumba Erdington yenye gereji, alikuwa na makaratasi tangu mwaka 2001, na hakutaka jina lake liungane na jina la mtu anayengoja barua. Hakukataa. Alipiga simu.

"Félicien ndugu yangu, tutakuya batu makumi tatu."

"Karibuni."

"Na weye unajua. Bakwe habasimamake inje."

"Ninajua," alisema Félicien, akiwa amekaa kitandani, magoti yakigusa mlango.

Merveille alikuwa ameegemea ngazi akisikiliza. "Tonton, he's doing it on purpose, anafanya makusudi," alimwambia mjomba wake. "Anajua hiyo room. Alikuja Krismasi, akaacha koti lake inje sababu haliwezi kuingia." Mara hii hakucheka.

Félicien aliomba kampuni impe sebule ya chini kwa mchana mmoja. Kampuni ilijibu kwamba sebule haipo, kwa sababu iligeuzwa kuwa vyumba viwili vya kulala zamani. Hilo lilikuwa kweli.

Bangi ilikua. Ilikuwa fupi, imenyooka, na majani yamekunjua vidole. Siku moja Félicien alichokoa udongo kuona kama umekauka. Kidole kikaingia chote, halafu kiganja, halafu mkono hadi kiwiko. Chini kulikuwa na ubaridi mzuri, kama wa shamba kabla jua halijawaka, na mizizi ilikuwa inapita huku na huko ikiendelea na shughuli zake. Alitoa mkono, akaufuta kwenye suruali, akaona kwamba kikombe kimoja cha maji hakitatosha. Akaenda kuchukua ndoo.

Mimea mingine ikipandwa kwenye kopo hudumaa. Huu haukuwa na mpango huo. Kwa kuwa hakuna aliyeupa nafasi, ulianza kujitengenezea.

Kitanda ndicho kilichoanza kuachana na ukuta. Félicien alidhani amekisukuma usingizini. Kesho yake mlango ulifunguka wote ukagonga kitasa ukutani, kwa mara ya kwanza tangu afike. Alinyoosha miguu, akabaki ameinyoosha mpaka chakula cha mchana. Wiki iliyofuata palikuwa na nafasi ya kiti, na ya mtu kukizunguka kiti. Aliyesimama barabarani aliona nyumba ileile, dirisha lilelile, na bomba la mvua lilelile lililoning'inia tangu majira ya baridi.

Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa Charanjit, jirani yake mjane, Kalasinga aliyezaliwa Eldoret na ambaye Kiswahili chake hakikuwahi kuondoka kule.

"Bwana Félicien, mimi nasikia viatu yako inatembea mbali. Inatembea ndani ya nyumba yangu?"

"Sijui, mama. Tutazame."

Walikwenda kwake wakasogeza kabati la nguo. Ukuta ulikuwa mahali pake, na karatasi yake ya maua haikuwa na hata mkunjo. Charanjit akapiga kofi ukutani, akaridhika.

"Chumba yako hapana kula kwangu," alisema. "Basi kuja chukua viti. Kule hekaluni viti iko mingi, inakaa bure."

Kwa hiyo viti vikaja. Charanjit alivileta kwa gari la mtoto wake, safari baada ya safari, na kila walipovipanga Félicien alikuta kwamba baada ya kiti cha mwisho pamebaki pa kimoja.

Siku ya posa ilikuwa Jumamosi yenye jua. Maua yalifunguka asubuhi ile ile. Mchana ulikuwa mrefu na taa ya barabarani iliwaka usiku kucha nje ya dirisha, na kwa bangi nyingine yoyote huo haukuwa wakati. Lakini hii ilikuwa imetimiza umri. Ilijaa maua meupe kutoka shina hadi kileleni, na harufu yake ikashuka ngazi, ikakutana na harufu ya samaki mkavu wa Merveille, zikakubaliana.

Upande wa binti walikuwa wawili: Félicien, katika suti ya kuazima, na Charanjit, aliyekuwa amejifunga kitenge juu ya suruali yake ya Kipunjabi na aliyetangazwa kuwa shangazi. Wakwe walifika wakiimba. Walikuwa na kitenge cha wax, chumvi, jembe jipya, blanketi la bibi, na mbuzi aliyekatwa vipande na mchinjaji wa Alum Rock. Mbele yao alikuwa Magloire, akiwa amevaa viatu vyenye ncha, akiwahesabu. Aliingia wa kwanza. Akatazama chumba, akatazama nyuma yake ngazi nyembamba, akatazama tena chumba.

"Umekipanua," alisema.

"Kimepanuka," alisema Félicien. "Ketini, bakwe."

Thelathini waliketi. Hata hivyo Magloire hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Alitoka kidogo, akapiga simu, na baada ya saa moja binamu wa Coventry walikuwa wanapanda ngazi na watoto wao, wakifuatwa na kwaya nzima ya vijana wa Erdington pamoja na ngoma zao. Wote waliketi. Aliita watu wa Wolverhampton. Watu wa Wolverhampton walikuja na babu mwenye kiti cha magurudumu. Emery na wenzake walimpandisha ngazi mzegamzega, na juu alipata njia pana akajisukuma mwenyewe hadi mbele akisalimia kulia na kushoto. Kila Magloire alipogeuka kumtafuta aliyesimama, alikuta mtu anavuta kiti. Ukuta wa mbali ulikuwa sasa umefifia kidogo, kama mlima wa upande wa pili wa ziwa.

Koko Francine, bibi yake Emery, alikuwa ameketi karibu na dirisha. Alilitazama kopo kwa muda mrefu, akadhani yale ni majani ya muhogo.

"Hii sombe yenu ni kidogo sana," alisema. "Watu wote hawa mutawalisha sombe ya kopo?"

"Sombe ingine iko jikoni, Koko," alisema Merveille haraka. "Hiyo ni ya mgongo ya Tonton."

"Sombe ya mgongo," alisema bibi, akitafakari. "Wakati wetu ilikuwa ya tumbo."

Kwaya ikacheka mpaka ngoma zikalia zenyewe. Hatimaye msemaji wa wakwe alisimama kuomba binti, na kwa desturi yao, msemaji akisimama, ni lazima wengine wote wawe wameketi. Wote walikuwa wameketi isipokuwa Magloire. Alikuwa kando ya mlango, simu mkononi, hakubakiwa na mtu wa kumpigia.

"Mukwe," alisema Félicien kwa upole, "tunakungojea weye tu."

Kilikuwepo kiti. Magloire alikitazama kwa makini, kama anayetafuta mguu uliovunjika. Halafu akaketi.

Charanjit akapiga kigelegele cha Eldoret. Jembe likapokewa, chumvi ikapokewa, Koko akafunikwa blanketi, kwa kuwa upande wa binti hapakuwa na bibi. Merveille aliulizwa mara tatu kama anamjua mtu huyu, na mara tatu akasema ndiyo, ya mwisho kwa sauti iliyosikika kituoni. Walicheza mpaka treni ya jioni. Félicien naye alicheza, mkono mmoja mgongoni, na baadaye mikono yote miwili juu.

Jumatatu alikuja kijana wa kampuni ya nyumba, aliyevaa tai, kwa sababu mtu alikuwa amelalamika juu ya ngoma. Alisimama mlangoni akiangalia chumba mpaka mwisho wake. Alipita kando ya kopo, akabonyeza king'ora cha moshi, kikalia, akaridhika.

"Kuna nafasi hapa," alisema kwa Kiingereza.

"Iko," alisema Félicien. "Na barua yangu?"

Kijana alisema barua ni kazi ya ofisi nyingine.

Alhamisi walifika wanaume kumi na mmoja, kila mmoja na begi. Walitoka Asmara, Sulaymaniyah, Harare na kwingineko, na mmoja alisema ametolewa Glasgow. Kampuni ilikuwa imewaandika wote katika chumba kile. Hata hivyo, kwenye mchoro wa nyumba chumba kilibaki kuwa chumba kidogo cha mtu mmoja, kwa hiyo kilistahili kitanda kimoja, hita moja, taa moja na ufunguo mmoja, na hakikuongezewa kitu. Wakati huo mmea ulikuwa umemaliza maisha yake. Félicien alikuwa ameyaloweka maua kwenye mafuta, akajipaka, na alikuwa anajigeuza kitandani bila kelele. Chumba hakikupungua.

Aliwaonyesha wanaume mahali pa kulala, upande wa dirisha na upande wa bonde, maana sasa chumba kilikuwa na bonde. Akawaambia choo ni kimoja na kiko chini. Wakauliza watangoja muda gani. Akawajibu kwamba yeye ameingia mwaka wa sita. Wakatikisa vichwa, wakakunjua mablanketi.

Jumamosi iliyofuata Merveille aliolewa kanisani Erdington. Upande wa kulia walijaa wakwe, wamebanana hadi mlangoni. Upande wa kushoto, wa ndugu wa binti, waliketi Félicien, Charanjit na wanaume kumi na mmoja waliopigiana pasi mashati kwa zamu asubuhi yote kwenye umeme wa taa ile moja. Mchungaji aliuliza ni nani anayemtoa binti huyu. Félicien alisimama. Wale kumi na mmoja hawakuelewa Kiswahili wala Kifaransa, lakini waliona mwenzao amesimama, nao wakasimama wote.

Nyumbani, ile hita moja ilikuwa imezima tena.