Kilo za Kaluki

Jumatatu saa mbili asubuhi Kaluki alipanda mizani ya zahanati moja ya Kayole, na mshale haukusogea. Sista Everline alimshusha, akaipiga mizani kofi, akajipima mwenyewe: kilo themanini na moja. Aliguna. Kaluki akapanda tena. Sifuri.

"Unafanya kazi Industrial Area, sindio?" Sista aliuliza.

Kaluki aliitikia. Alikuwa kibarua wa kiwanda cha nyuzi mwaka wa sita sasa, na huko aliitwa Kumi na Saba, kama aproni ilivyoandikwa. Kwenye ploti alikopanga hakuna aliyemjua jina. Dada yake, aliyekuwa akimwita Kaluki, alirudi Kitui mwaka juzi. Siku za upepo alitia mawe mifukoni ili afike kazini.

Upepo alishauzoea. Kilichomtisha ni kifua kikuu alichokutwa nacho. Dawa zake hutolewa kwa kilo za mgonjwa, na wa kilo sifuri hana kidonge. Kaluki alisema wazi kwamba anaogopa kufa.

Sista akachukua karatasi ya dawa, akaandika: Kikundi cha kusuka vyondo, nyuma ya kanisa, leo saa nane. Aketi nje, avae barakoa. Aitwe jina lake. Opicho, mhudumu wa afya ya jamii, akampeleka, mizani ya zahanati kwapani.

Akina mama waliisoma karatasi, wakamsogezea mkeka. Kaluki, shika huku. Kaluki, umekaza mno, hicho ni kiondo ama ni jela? Alicheka mpaka akakohoa. Walipoinuka, mkeka ulikuwa umebonyea alipoketi. Mizani ilisoma arobaini na nane, na jioni hiyo alimeza vidonge vya kwanza.

Kila alipotoka kiwandani alikuwa sifuri tena, kwa hiyo Sista aliandika kwenye kadi yake: Apimwe akitoka kwa kikundi. Halafu akawaandikia wenye kiwanda, akiwaomba kwa heshima wamwite mfanyakazi wao jina lake. Jibu lilikuja upesi, lina muhuri. Walimtakia Kumi na Saba nafuu ya haraka.

Baada ya miezi sita makohozi yalikuwa safi. Akina mama walipika chapati, wakamwita Kaluki siku nzima, hata bila sababu, naye akalia kwa furaha.

Kesho yake aliamka saa kumi na moja, akavaa aproni, akachagua mawe mawili makubwa, akaenda kazini.