Siku ya Kijivu

Ratiba mpya ya mitihani ilibandikwa Ijumaa alasiri kando ya tangi la maji ya kunywa, mahali ambapo wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa sita, ambao ndio wa mwisho, walikuwa wakijaza chupa zao. Phikun alijaza yake, akaifunga vizuri, ndipo akasoma. Ratiba ilikuwa na safu nane. Baada ya Jumapili palikuwa na safu moja isiyo na jina, halafu ndiyo ikaja Jumatatu.

"Na hiyo nayo ina rangi gani?" aliuliza Thiwa, mwenzake mrefu aliyetoka kusini, visiwani.

Lilikuwa swali la haki. Kwa desturi ya nchi ile Jumatatu ni ya njano, Jumanne ya waridi, Jumatano ya kijani, na mpaka wiki inaisha kila siku ina rangi yake. Wauguzi wa kitivo kile hawakuwa na mzaha na mtu aliyeingia wodini na shati la rangi ya jana. Bi Samruai wa ofisi ya ratiba, aliyekuwa bado ameshika gundi, alijibu kwamba kamati imechagua kijivu, kwa kuwa ndiyo iliyobaki.

Kwa miaka thelathini na mmoja mtihani ulikuwa kila Jumatatu saa mbili asubuhi, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuna aliyelala Jumapili. Masika yaliyopita mwanafunzi mmoja alipitiwa na usingizi chumba cha upasuaji, amesimama wima, mkononi ndoano ya kuachanisha kingo za jeraha, na alipoanguka alisukumwa wodini pamoja na mgonjwa akalishwa uji siku mbili kabla ya kutambuliwa. Kamati ikakaa. Daktari Wirot, naibu mkuu wa kitivo, ni mtu mwema ambaye hulia kila mahafali, na alieleza kwa masikitiko kwamba mtihani hausogezeki, maana siku nyingine ukumbi hukodishwa kwa harusi. Kuupunguza pia haiwezekani, kwani wanaostahili shahada ya heshima wangejulikanaje? Ikaamuliwa iongezwe siku ya kupumzika. Bi Samruai akaiandika, akaigonga mhuri, na siku ikaja.

Ilikuja kimya kimya. Jua lilichomoza nyuma ya mochwari, mwanga wake umefifia kama maji yaliyooshea mchele, na lilikuwa ndani ya uzio wa kitivo tu. Nje ya uzio Jumapili iliingia Jumatatu kama ilivyozoea. Mlinzi wa lango aliwaeleza vizuri wote waliotaka kutoka.

"Ukivuka hapa unatokea Jumatatu, saa mbili kasorobo. Shauri yako."

Kwa hiyo walilala. Phikun alilala saa kumi na tisa, akaamka, akala ndizi, akalala tena. Jumatatu alifanya mtihani mapema akiwa na akili timamu, na adhuhuri akatoka kwenda kwenye kibanda cha mama yake, Mama Bualai, aliyeuza kuku wa kuchoma na kachumbari ya papai bichi mkabala na lango. Champi, pacha wake, alikuwa akitwanga pilipili.

"Umenawiri," Champi alimwambia. "Ulilala lini wewe? Jana jioni macho yalikuwa yamekuingia ndani."

"Siku nzima nimelala."

"Siku gani?"

Phikun akaeleza. Mama Bualai alisikiliza huku akigeuza kuku, halafu akahesabu kwa vidole. Champi alizaliwa dakika ishirini kabla ya Phikun, na kwa dakika hizo ishirini alikuwa ameitwa dada maisha yake yote na kupewa ngozi ya kuku iliyokauka vizuri. Sasa Phikun alikuwa amemzidi siku nzima kasoro dakika ishirini. Mama akaichukua ngozi kwenye sahani ya Champi, akaiweka kwenye ya Phikun.

"Mkubwa ni mkubwa," alisema.

"Nimepinduliwa na mtu aliyelala," alisema Champi. "Haya, dada. Kula. Lakini ujue mkubwa jalala, kuanzia leo lawama zote ni zako."

Phikun alihitaji shahada ya heshima, na si kwa ajili ya medali. Ng'ambo ya mto, nusu saa kwa gari, ndiko kwao, na hospitali ya wilaya ya huko ilikuwa haina daktari. Wa mwisho aliondoka kabla hajafungua masanduku. Bibi Thongsuk, mama yake Mama Bualai, alikuwa na kisukari. Kidonda cha mguu wa kulia kilisubiri daktari miezi minne, mpaka mguu ukakatwa. Ulibaki wa kushoto. Wahitimu kumi na watano wenye heshima huchagua hospitali wanayoitaka, waliobaki huokota kura kwenye bakuli, na kura inaweza kumtupa mtu popote nchini kwa miaka mitatu. Phikun alitaka kuchagua ya kwao. Alitaka ule mguu ubaki.

Mwezi wa pili wa utaratibu huo kamati iligundua tatizo. Wanafunzi wamelala, wanaelewa, wanajibu. Kati ya mia moja, sitini na wawili walistahili heshima, na medali zilizokwisha chongwa ni kumi na tano.

"Sote tukiwa bora," aliuliza Daktari Wirot kwa uchungu wa kweli, "ubora utakuwa umekwenda wapi?"

Ilibidi watenganishwe. Kwa kuwa masomo hayakuwatenganisha tena, kamati ilikubaliana kusahihisha pumziko.

Siku ya kijivu iliyofuata wasahihishaji walipita mabwenini na fomu. Walipima kina cha pumzi, utulivu wa uso, na nia. Kukoroma kulipunguza alama. Nje ya lango darasa la tuisheni lilifunguliwa ndani ya wiki moja, likabandika ukutani picha za walalaji wake bora, na wenye uwezo wakajiandikisha. Thiwa alijifunza huko kutabasamu usingizini.

Phikun hakwenda. Aliosha nywele, akaketi ngazini na bakuli la karanga za kuchemsha, akawa anatazama mbwa wa jikoni akijikuna. Msahihishaji wake, Mwalimu Malini, mwanamke mpole mwenye miwani miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa karibu, alisimama mbele yake muda mrefu.

"Unafanya nini, Phikun?"

"Sifanyi kitu, mwalimu."

"Kwa lengo gani?"

"Sina lengo."

Mwalimu Malini akabadilisha miwani, akaandika nne kati ya kumi kwenye safu ya nia. "Ningependa nikupe zaidi," alisema. "Unaonekana umepumzika kabisa. Lakini fomu inataka lengo."

Baada ya hapo Phikun alijitahidi. Jumapili nzima alikesha akifanya mazoezi ya kulala, na wenzake vilevile, taa za bweni zikiwaka mpaka asubuhi ya kijivu. Masika yaliporudi, mwanafunzi mwingine alianguka katika chumba cha upasuaji na ndoano mkononi. Safari hii walimtambua siku ileile, kwa kuwa alikuwa na fomu ya pumziko mfukoni, na alama yake ilikuwa nzuri.

Matokeo yalibandikwa kando ya tangi la maji. Phikun alikuwa wa kwanza katika upasuaji, wa pili katika magonjwa ya watoto, na wa kumi na sita kwa jumla. Alikuwa amekosa sehemu tatu za mia, alama za mkoromo mmoja wa mwezi wa tisa. Alisoma jina lake mara mbili, akajaza chupa, akaondoka bila kuifunga.

Wale kumi na watano walichagua hospitali kubwa za mji mkuu, wote. Bakuli likaletwa. Phikun akaokota kisiwa cha kusini, cha nyumbani kwa Thiwa, safari ya siku nzima kwa basi na nusu siku kwa meli. Thiwa, aliyekuwa amepunguziwa alama kwa tabasamu lililopitiliza, akaokota hospitali ya wilaya ya ng'ambo ya mto.

"Tubadilishane basi," Thiwa alisema. "Mimi wali wenu wa kunata unanivimbisha tumbo."

Fomu ya kubadilishana ilikuwapo. Kifungu cha pili kilisema mwombaji lazima awe na heshima.

Daktari Wirot aliwapokea ofisini, akawapa chai, akasikiliza habari za mguu wa bibi mpaka mwisho, na machozi yakamtoka. "Mwanangu, mfumo una kasoro," alisema. "Tumeliona hilo. Dawa ya moto ni moto. Mwakani tunaongeza siku ya tisa, ya kupumzikia mtihani wa pumziko."

"Itasahihishwa?"

"Mwaka wa kwanza, hapana."

Siku ya safari Bibi Thongsuk aliletwa kibandani kwa gari la jirani kuja kumuaga. Champi alibeba masanduku yote mawili, kwa kuwa yeye ndiye mdogo; alikuwa amezidiwa siku arobaini na sita. Bi Samruai alikuwa amekaa akila kachumbari, akawauliza wanaonaje rangi ya siku ya tisa. Mama Bualai akasema nyeupe haitafaa, inashika uchafu.

Phikun alipiga magoti, akauweka mguu wa bibi mapajani, akamulika kwa simu katikati ya vidole. Palikuwa na kidonda kidogo, ukubwa wa punje ya dengu.

"Ni kitu?" aliuliza bibi.

"Ni kidogo bado. Kinahitaji kusafishwa kila siku, na daktari mpya, Thiwa, akiangalie, kama siku arobaini na tano hivi."

Mama akahesabu kwa vidole, halafu akageuza kuku. Phikun alisafisha kidonda, akakifunga kwa kitambaa safi, akamwonyesha pacha wake namna ya kukunja pembe ili kisibane. Basi lilikuwa limeshawasha injini.

"Kila siku," alimwambia. "Usiruke hata moja."

"Siku zenu au siku zetu, dada?"

"Zenu."

"Zetu ni saba tu," alisema Champi, akachukua bendeji.