Mahubiri ya Kujaza Betri

Watu wa kijiji chetu hawapendi kuambiwa ukweli, hasa ukihusu betri. Jumamosi tuliyokwenda mjini Garsen kununua betri za tochi, zile nene za kuchaji, shemeji yangu Hiribae alichagua iliyoandikwa 9900 kwa rangi ya dhahabu. Mimi nilimwomba mwenye duka aziweke kwenye mizani ya sukari, maana namba huandikwa na yeyote, lakini uzito haudanganyi. Ile ya 9900 ilikuwa nyepesi kama ganda tupu. Nyingine, ya 2600, ilikuwa na uzito karibu mara mbili, na bei yake pia ilikuwa ya kuumiza. Nikachukua hiyo nzito.

"Shemeji, wewe shule uliishia wapi?" Hiribae akaniuliza mbele za watu. "Elfu tisa na elfu mbili, ipi kubwa?"

Niliona haya, sikatai. Lakini mpunga wangu ulikuwa umeanza kutoa masuke, na Jumamosi hiyo nilikuta nyayo za kiboko ukingoni mwa shamba. Kiboko mmoja akiingia usiku mmoja, mavuno yangu ya mwaka yamekwisha. Kinachomrudisha mtoni ni mwanga mkali usoni, na mwanga mkali unataka betri iliyoshiba.

Shida ni kuchaji. Garsen ukimwachia mtu betri yako, jioni anakurudishia ya mwenzako. Kijijini sola iko kanisani tu, na wazee wa kanisa wameweka sheria: swichi inawashwa wimbo wa kwanza ukianza, inazimwa baraka zikishatolewa. Ndiyo maana kanisa letu hujaa. Mwinjilisti Zadock, mzee mpole mwenye sauti ndogo, huhubiri huku waumini wote wakitazama chaja zilizopangwa ukutani. Taa ikiwa nyekundu, betri bado inakula. Ikigeuka kijani, imeshiba, na mwenyewe anakumbuka ghafla kwamba ameacha chungu motoni.

Jumapili hiyo betri ya Hiribae ilishiba hata sadaka haijatolewa.

"Unaona?" akaninong'oneza akipita. "Ina nguvu, na inajaa upesi!"

Hata kikombe hujaa upesi kuliko ndoo, nilitaka kumwambia, lakini tulikuwa kanisani.

Kufikia saa saba mchana tulibaki mimi, Mwinjilisti na taa moja nyekundu. Akafunga Biblia. Akainua mikono atoe baraka.

"Mwinjilisti!" nikaropoka. "Nina swali."

Mikono ikabaki hewani. "Swali?"

Sikuwa na swali. Nilikuwa na mpunga. "Nuhu," nikasema. "Kwa nini alimwingiza kiboko kwenye safina? Kiboko si anajua kuogelea?"

Alishuka mimbarini taratibu, akaketi kwenye benchi mbele yangu, akavua miwani. Akasema labda maji ya gharika yalikuwa ya chumvi. Nikamwambia kule Kipini, mto unapoingia baharini, viboko huingia mpaka kwenye maji ya chumvi na hawadhuriki. Akasema siku arobaini za mvua ni nyingi, wangechoka.

"Si wangechoka wakafa!" nikasema, na hapo hasira ilikuwa ya kweli. "Angewaacha hukohuko, mimi leo ningekuwa nalala usiku!"

Alicheka mpaka akashika ubavu. Tulibishana juu ya nyasi walizokula, juu ya nani alizoa mavi yao, mpaka jua likaanza kuingilia mlango wa magharibi. Kisha akavaa tena miwani yake.

"Miaka kumi na tisa nahubiri hapa," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza kitu."

Moyo uliniuma. "Mwinjilisti, nisamehe. Nilibaki kwa sababu ya betri."

"Najua, mwanangu. Taa imegeuka kijani tangu tulipokuwa tunazoa mavi. Nilidhani umeiona."

Sikuwa nimeiona. Niliruka kwenye chaja, nikatia betri kwenye tochi, nikatoka mbio. Nyuma yangu nikasikia viatu vyake. Alisema naye anakuja, anataka kumwona huyo mnyama.

Giza lilikuwa linaanza kuingia tulipofika. Kiboko alishatoka majini, mdomo wake hatua tatu tu kutoka kwenye masuke yangu. Nikamwashia usoni. Mwanga ulikuwa mkali hata mimi nikashtuka. Alisimama, akakoroma, akarudi kinyumenyume mpaka maji yakamfunika. Upande wa pili, shambani kwa Hiribae, tochi iliwaka, ikafifia, ikazima, na tukamsikia shemeji akianza kupiga sufuria.

Zadock aliegemea fimbo, bado anahema.

"Dorothy, nimepata jibu. Nuhu hakumwingiza. Kiboko alijiingiza mwenyewe, akifuata chakula cha wengine."

"Amina," nikasema. Tangu asubuhi nilikuwa nimesema Amina nyingi za kuvuta muda. Hiyo moja nilimaanisha.