Mise Kwenye Breki za Pijo

Gurudumu la nyuma la kushoto lilianza kutoa moshi kabla Kuruthumu hajafika Makere, na hiyo ilikuwa mara ya tatu mwezi huo wa Juni. Alisimama, akashuka, akatema mate kwenye ringi. Yakaungua chwaa! "Wewe gari wewe," alilikaripia, "utanitia aibu mpaka lini?"

Lilikuwa Pijo 504 la marehemu mumewe, Tamimu. Lilikuwa limezeekea kwenye vumbi jekundu, lakini injini ilikuwa ikiitika kwa ufunguo wa kwanza. Tamimu ndiye aliyemfundisha kuliendesha, na watu wa Kasulu wakasema weee, mpaka wakachoka wenyewe. Sasa Tamimu hayupo, eda imekwisha, na Kuruthumu alitaka jambo moja tu: kupakia abiria kati ya Kasulu na Kibondo, alee wanawe watatu bila kumwomba mtu hata chumvi. Shemeji yake Gharibu, kaka mkubwa wa marehemu na msimamizi wa mirathi, alitaka gari liuzwe.

"Gari linaungua magurudumu, nawe unataka lipakie watu?" alimwambia mbele ya wazee wa ukoo. "Haya, nakupa mpaka Jumamosi. Liende Kibondo na kurudi, nami nikiwa ndani. Likitoa moshi linauzwa, na maneno yamekwisha."

"Yamekwisha," akajibu Kuruthumu. Ndivyo alivyoumbwa huyo. Ukimfungia mlango, anapitia dirishani.

Alhamisi alfajiri alikwenda kwa Nsengimana, fundi aliyekimbia Burundi mwaka sabini na mbili akafungua gereji ya miti na turubai kandokando ya mji. Mafundi waliotangulia walibadilisha pedi tu, wakanawa mikono. Nsengimana hakuzigusa pedi. Aliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akapiga jeki nyuma, akalisukuma gurudumu kwa mikono miwili. Wapi! Halikuzunguka.

"Si hendibreki hiyo?" Kuruthumu aliuliza.

"Nimeilegeza, waya wake unatembea." Akafungua kidogo nati ya kutolea upepo. Mafuta ya breki yakatiririka, gurudumu likabaki limekaza vilevile. "Ungekuwa mpira wa mafuta umeziba, hapa lingeachia. Ugonjwa uko ndani ya kalipa, hiki kibanio cha breki, mama. Pistoni inakwenda kubana, kurudi haitaki."

"Na mbona asubuhi ndiyo balaa zaidi? Jua likipanda linapata nafuu."

Nsengimana aligeuka akamtazama. "Baridi inalizidishia?"

"Baridi ndiyo adui yake."

Fundi alilivua gurudumu. Aliifungua kalipa, akamwomba Kuruthumu akanyage pedali polepole, na pistoni ikasogea, ikasogea, mpaka ikadondoka kwenye kitambaa. Ilikuwa imezungukwa na uji wa kijivu uliogandamana na vumbi, na kile kifuniko cha mpira kinachozuia uchafu kilikuwa kimevimba. Nsengimana akanusa. "Mana yanje! Mungu wangu! Hii ni mise."

Mise, mafuta ya kokwa za mchikichi, ndiyo wanayopakwa watoto wachanga Kigoma nzima. Ndiyo yanayolainisha bawaba, cherehani na mnyororo wa baiskeli. Na kwa kuwa grisi ilikuwa haionekani madukani, kila Ijumaa, baada ya kuliosha gari, yeye mwenyewe alikuwa akifungua magurudumu ya nyuma na kuzipaka pistoni mise, huku akiimba. Alifanya kwa mapenzi. Lakini mise, baridi ya milimani ikiingia, huganda.

Hapo ndipo Gharibu alipotokea, amekuja kuchungulia. Aliuona ule uchafu, akapaza sauti. "Nilijua! Wakimbizi hawa ndio waliomharibia ndugu yangu gari!"

Nsengimana aliinamisha macho. Mkimbizi hajibizani na tajiri wa mjini. Na Kuruthumu, hebu tuseme kweli, angeweza kunyamaza, lawama ikapita kando yake kama mvua ya jirani.

"Ni mimi," alisema. "Nimeweka mise kwa mkono wangu huu. Kila Ijumaa."

Gharibu alicheka. "Kwa kinywa chako mwenyewe! Sasa Jumamosi ya nini tena?"

"Jumamosi iko palepale, shemeji. Ahadi ni deni." Uso ulimwaka kwa aibu, lakini mficha uchi hazai, na sasa angalau ugonjwa ulikuwa umejulikana.

Walifanya kazi siku mbili, kushoto na kulia. Waliosha kwa spiriti, maana petroli inakula mpira, wakazisugua pistoni kwa msasa laini. Bahati njema mise haikuwa imefika kwenye mipira ya ndani. Vifuniko vilivyovimba walivitupa, na Kuruthumu akakata vingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Aliharibu vinne, cha tano kikakaa, na vingine vikafuata. Kisha yeye kwenye pedali, fundi kwenye nati: "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Ijumaa jioni gurudumu lilizungushwa kwa kidole kimoja.

Jumamosi waliondoka baridi ikiwa kali, Gharibu mbele, Nsengimana nyuma. Walipita Makere bila moshi. Busunzu walisimama, na Nsengimana akaweka kiganja kwenye ringi. "Ukihesabu kumi na mkono haujaungua," alisema, "breki inaachia." Gharibu hakushuka.

Walifika Kibondo, wakageuza. Njiani, kwenye mteremko, mbuzi walikatiza, na Kuruthumu akakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likasimama papo hapo. Limeshika; je, litaachia? Akainua mguu, na gari likajiteremkia lenyewe, taratibu.

Nyumbani majirani walikuwa wamejaa barazani. Gharibu alishuka, akazunguka nyuma kushoto, akachutama na kanzu yake vumbini, akabandika kiganja kwenye ringi.

"Moja," akahesabu kwa sauti, kila mtu asikie. "Mbili. Tatu." "Tisa. Kumi."

Hakuutoa mkono.

"Kumi na moja. Kumi na mbili." Alipofika ishirini sauti ilikuwa inakatika, na Kuruthumu akayaona machozi yakimshuka hadi kwenye ndevu.

"Lichukue, mke wa Tamimu," alisema, bado amechutama. "Nilitaka liuzwe ili nisiwe nikiliona likipita bila ndugu yangu."

Tangu Kibondo, Kuruthumu alikuwa amepanga maneno makali ya kumwambia shemeji yake. Hakukumbuka hata neno moja.