Bomba Lililoishia Dirishani

Rigobert alikuwa mtu wa tahadhari, na alipenda watu wajue hivyo. Kila Jumamosi na Jumapili, katika chumba cha chini ya nyumba yake huko Auderghem, Ubelgiji, aliyeyusha madini ya risasi kwenye chungu cha umeme, akayamimina katika kalibu na kutoa risasi za bunduki za kizamani, zile ambazo yeye na wenzake wa klabu walizitumia kulengea shabaha. Kibali alikuwa nacho. Glavu alikuwa nazo. Juu ya chungu alifunga feni yenye nguvu iliyonyonya moshi na vumbi na kuvisukuma nje kwa bomba la bati. Kila mwaka alipimwa damu, na kila mwaka ilikuwa safi. Karatasi za majibu alizibandika ukutani sebuleni, karibu na picha ya harusi.

Mwenzake mmoja wa klabu alikuwa amemshauri bomba lipande mpaka juu ya paa. Rigobert alipima, akaona itabidi atoboe kuta na kukodi jukwaa la mafundi, akalikatishia kwenye kidirisha cha chini kinachotazama bustani. Moshi si umetoka? Basi.

Binti yake Priscille, aliyekuwa akikaa kwao na mumewe Josias wakisubiri kupata nyumba, alikuwa na mimba ya miezi sita. Ya kwanza ilikuwa imeharibika, na hii ya pili, nyumba nzima ilikuwa ikiilinda kwa maombi. Ghafla akaanza kuumwa tumbo, na viganja vikampauka kwa upungufu wa damu. Hospitalini wakampima, wakakuta madini ya risasi kwenye damu yake. Daktari hakuficha kitu: sumu ile humfikia mtoto tumboni, na ni lazima ijulikane inatoka wapi, tena upesi. Akauliza habari za mabomba ya maji, za rangi ya zamani, za kazi zinazofanyika nyumbani, na za ule udongo mweupe ambao wajawazito wengi wa Kongo hupenda kuutafuna.

Rigobert alishika hilo la mwisho kwa mikono miwili.

"Ni ule udongo! Tunakukataza, weye unakula kwa siri. Unataka kuua mutoto?"

"Papa, sijakula udongo. Hata kidogo."

"Alors ile plomb ya damu imetoka wapi? Kwangu? Angalia zile papier kwa mur. Miye niko mule kila week-end, na damu yangu iko propre!"

Nani angebishana na karatasi za hospitali? Josias akaanza kupekua mkoba wa mkewe. Maman Claudine, mke wa Rigobert, akawaita akina mama wa kanisa waje kumwombea binti yake aache tamaa. Priscille alilia mbele yao, nao wakadhani ni machozi ya toba. Nyani haoni kundule, na siku zile Rigobert alikuwa nyani mkubwa.

Jumanne, Claudine akamtuma mumewe bustanini kuchuma lengalenga, ule mchicha wa kwao. Rigobert hakuwa na mazoea ya kwenda huko, na mboga za majani hakuzila. Alikuta ndoo za mboga zimepangwa chini ya kidirisha, kwa sababu pale ukuta hukinga upepo na bomba hutoa joto, na lengalenga ya Bukavu haielewani na baridi ya Ubelgiji. Ilikuwa imestawi ajabu. Alishika jani, kidole kikatoka na rangi ya kijivu. Akashika la pili, vilevile. Vumbi lile alilijua. Ndilo alilolifuta mezani kwake kila Jumapili jioni.

Akainua macho. Mdomo wa bomba ulikuwa juu ya ndoo kabisa. Feni haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa imemwondolea yeye sumu yote puani na kuimwaga kwenye sahani ya mwanawe.

Aliogopa, na aliona haya, na haya ndiyo iliyoshinda. Aling'oa mboga zote, akazifunga kwenye mifuko ya taka, akamwambia mkewe zimeingiwa na wadudu. Akachomoa feni. Akajiambia kwamba chanzo kimekwisha, damu itajisafisha yenyewe, sasa ya nini kusema? Jumatano akaenda zake kazini, kwenye karakana ya tramu. Alhamisi vilevile. Alipopishana na Priscille alitazama sakafu.

Ijumaa mchana alirudi mapema, akawakuta wote mezani. Macho ya Priscille yalikuwa yamevimba.

"Papa, kaa," alisema. "Wiki inayokuja, lundi, tunarudi kwa docteur. Josias anasema nikubali tu. Donc nitasema ndiyo, nilikula udongo. Mungu anajua sikukula, lakini nimechoka."

Akavuta sahani yake. Palikuwa na bukari, ule ugali wa kwao, samaki, na mboga ya kijani.

"Ile mboga imetoka wapi?" Rigobert aliuliza.

"Kwa congélateur," Claudine akajibu. "Nilichumaka mingi, nikaigandisha kwa barafu mbele wadudu waingie."

Rigobert aliinyakua sahani mkononi mwa binti yake. "Usikule!" Kisha akasema yote, amesimama na sahani mikononi: bomba, ndoo, vumbi la kijivu, wadudu wasiokuwako. Claudine aliziba mdomo kwa kitenge. Josias aliutazama mkoba wa mkewe uliokuwa kitini, akainamisha kichwa.

Priscille hakupiga kelele.

"Ulijua lini?"

"Mardi, ile siku niling'oa mboga."

"Papa, leo ni vendredi."

"Niliona haya, mwanangu. Unisamehe."

"Mardi nilikula," Priscille alisema taratibu. "Mercredi nilikula mara mbili, juu Maman alisema inaongeza damu. Jana nilikula."

Rigobert alinyoosha mkono amshike. Priscille aliuondoa wake, akauweka tumboni.

"Vaa koti. Tunaenda kwa docteur sasa hivi. Weye ndiye utasema, haiko miye. Utasema bomba, utasema mboga. Na zile siku ulinyamaza, utazisema pia, moja moja."

Rigobert akachukua koti. Vifungo vilimshinda, na hakuna aliyekuja kumsaidia.